Mwongozaji wa Igizo la Jamii Anawajibika kwa Nani?



Katika mikutano ya hadhara, maadhimisho ya kitaifa, uzinduzi wa miradi na kampeni za afya, igizo limekuwa sehemu ya ratiba kiasi kwamba hatulishangai tena. Kikundi kinapewa nusu saa kabla mgeni rasmi hajazungumza. Ngoma inapigwa, vijana wanaigiza mume mlevi, binti aliyeachishwa shule au mkulima aliyekataa mbegu bora, watu wanacheka na kupiga makofi, kisha shughuli inaendelea. Jina la mgeni rasmi tunalijua, na la mfadhili pia. Aliyeliongoza igizo hatumjui wala hatumuulizii. Leo nataka tumuulizie, maana ana madaraka makubwa kuliko tunavyodhani. Ndiye anayechagua mgogoro upi uonyeshwe na upi ufichwe, nani achekwe na nani aonekane mwenye hekima, na zaidi ya yote ndiye anayeamua neno la mwisho litamkwe na nani.

Ukiwachunguza watu wanaofanya kazi hii nchini mwetu, utakuta wachache sana waliosomea uongozaji. Wengi ni walimu wa shule za msingi ambao waliongoza ngonjera na maigizo ya shule hadi kijiji kikawazoea. Wengine ni walimu wa kwaya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa maendeleo ya jamii, viongozi wa ngoma za asili, na vijana waliopita katika vyuo vya sanaa kisha wakarudi kwao. Juu ya mchanganyiko huu pana kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema tatizo la maigizo ya jamii ni uhaba wa mafunzo, na dawa yake ni kumpa kila kikundi mwongozaji mwenye cheti. Ya pili inasema msomi ni mgeni, hivyo aondoke amwachie mwenyeji. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zinauliza swali lisilo sahihi. Hoja yangu ni kwamba asili ya mwongozaji ina uzito mkubwa, ila uzito huo haumo katika chuo alichosoma wala kijiji alichozaliwa. Umo katika mazoea ya kuwajibika aliyokuja nayo: kabla ya kuingia katika sanaa, na akiwa ndani yake, alizoea kutoa hesabu kwa nani? Aliyezoea kutoa hesabu kwa wakubwa wake ataongoza igizo linalowaridhisha wakubwa. Aliyezoea kutoa hesabu kwa watu waliosimama mbele yake ataongoza igizo linalowasikiliza watu hao.

Tuanze na suala la mafunzo, kwa kuwa ndilo linalotajwa zaidi. Idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Serikali nayo iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, kazi ya kuwaandaa wasanii ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, achilia mbali mitaa ya miji. Hata vyuo vyetu vyote vikiongeza wahitimu maradufu, maigizo mengi ya jamii yataendelea kuongozwa na watu wa fani nyingine. Vilevile chuo chenyewe hakikujengwa na wenye vyeti peke yao. Hukwe Zawose, mtoto wa Wagogo wa Dodoma hii, bingwa wa zeze na ilimba, hakuupata ujuzi wake darasani. Alikwenda Dar es Salaam kwa wito wa Mwalimu Nyerere, akaingia katika kikundi cha taifa, kisha akawa mwalimu Bagamoyo na kuizungusha sauti ya Ugogo duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Taasisi iliyotoa vyeti ilimhitaji mtu asiye na cheti ili iwe taasisi kweli. Kwa hiyo tukikipima kiwango cha mwongozaji kwa karatasi yake, tutawakosa wengi wenye uwezo.

Hata hivyo, kutokuwa na mafunzo rasmi hakumfanyi mtu awe karibu na wananchi. Mfano ulio wazi kabisa unatoka hapa hapa Dodoma. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki 1969, ndiye aliyeipa nchi ngonjera, ile aina ya ushairi wa kujibizana ulioandikwa uigizwe mbele ya watu. Mnyampala alikuwa mwalimu, karani na hakimu, na pia mwandishi wa historia, mila na desturi za Wagogo. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waisaidie nchi kueleza siasa mpya, naye Mnyampala akaitika wito huo kwa moyo wote. Vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilienea shuleni kote. Tazama umbo la ngonjera kama lilivyozoeleka tangu hapo. Wanasimama wawili au zaidi, mmoja ana shaka au ujinga fulani, mwingine ana elimu. Wanajibizana kwa beti, na mwishoni mwenye shaka anakiri kwamba amekosea na anashukuru kuelimishwa. Ni umbo la darasa na la mahakama kwa pamoja: yupo anayejua, yupo asiyejua, na hukumu ni moja. Simlaumu Mnyampala. Alifanya kazi aliyoombwa na nchi changa iliyohitaji kujieleza, na kwa kazi hiyo alikipa Kiswahili hazina. Ninachosema ni kwamba kazi alizotoka nazo zimeacha alama katika umbo lenyewe, na alama hiyo ingali katika maigizo yetu miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Sababu ni kwamba ngonjera iliwalea walimu, na walimu wakawalea waongozaji. Mwalimu wa shule ya msingi alipoandaa ngonjera ya kumpokea kiongozi, alijua watakaompima si watoto wala wazazi waliosimama juani, bali mwalimu mkuu, mratibu elimu kata na mgeni mwenyewe. Basi alijifunza kuandaa onyesho lisilo na hatari. Akihamia kwenye kikundi cha kijiji, tabia hiyo huja naye: mhusika mmoja ambaye ni mwalimu, daktari au mjumbe huingia sehemu ya mwisho na kueleza yaliyo sahihi, na wengine wote huinamisha vichwa. Mkondo huo umefika mbali. John Komba, aliyekiongoza kikundi cha Tanzania One Theatre tangu kilipoanzishwa mwaka 1992, alianza kazi kama mwalimu kabla ya kuwa mwanajeshi. Kikundi kile kiliundwa kukitumikia chama tawala wakati nchi ikiingia katika vyama vingi, na kilifanya hivyo kwa ufundi ambao hata wapinzani wake waliukubali. Ufundi ulikuwapo, ila kazi iliyotakiwa ilikuwa kuwavuta watu upande mmoja, wala hakuna aliyetarajia watazamaji wapande jukwaani kujibu.

Mtu atasema: basi tatizo ni walimu, tuwape wasanii waliosomea. Miaka ya 1990 na kuendelea ilitupa jibu. Kampeni za UKIMWI, uzazi wa mpango na haki za binadamu zilileta fedha, na fedha hizo ziliwaajiri wasanii wengi waliofundishwa vizuri. Mkataba ulitaja ujumbe, idadi ya maonyesho na tarehe ya ripoti. Kikundi kilifika kijijini asubuhi na igizo lililokwisha kuandikwa mjini, kikacheza mchana, kikahesabu watazamaji, kikapiga picha na kuondoka kabla jua halijazama. Waigizaji walikuwa wazuri, sauti zilifika, vichekesho vilikolea. Lakini igizo lilimalizika pale pale ngonjera ilipomalizikia, kwa mwenye elimu kumwelimisha asiye nayo. Mwongozaji msomi na mwongozaji mwalimu walifika mahali pamoja kwa njia tofauti, kwa kuwa wote wawili walitoa hesabu kwa mtu asiyekuwepo uwanjani. Kama chuo kingekuwa ndicho kinachoamua, matokeo yasingefanana hivyo.

Sasa tuweke pembeni yao wasomi wengine wa fani hiyo hiyo. Mwaka 1982 walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walianza kazi katika kijiji cha Malya, Usukumani, na kazi hiyo ikaendelea mwaka 1983. Hawakwenda na igizo mkononi. Walianza kwa kukaa na watu, kuuliza, na kuyachambua pamoja na wanakijiji matatizo yaliyokuwa yakiwasumbua, hasa hali ya vijana. Vijana wenyewe walishiriki kuamua lipi lionyeshwe na lionyeshwe vipi. Walipotafuta umbo, hawakuchukua tamthilia ya vitendo na maonyesho kama walivyoifundisha chuoni. Waliichukua wigashe, ngoma ya Wasukuma ambayo waimbaji wake huwa wamekaa, kwa kuwa ndiyo vijana wa Malya waliyoimiliki. Baada ya onyesho kulikuwa na mjadala, na baada ya mjadala kulikuwa na ufuatiliaji wa yaliyokubaliwa. Njia hiyo iliendelezwa baadaye katika vijiji vya Msoga na Mkambalani, na Mlama akaieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Watu hawa walikuwa na mafunzo ya juu kuliko wote niliowataja. Kilichowatofautisha na kikundi cha kampeni ni kwamba walijifunga wenyewe kutoa hesabu Malya, kwa kukaa, kwa kurudi, na kwa kukubali umbo ambalo wanakijiji walikuwa na uwezo wa kulikosoa kwa sababu walilijua vizuri kuliko wao.

Ushahidi wa aina hiyo unatoka pia kwa jirani zetu wa Kenya. Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, igizo la Kikikuyu la Ngaahika Ndeenda liliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii na kuongozwa na Kimani Gecau, mhadhiri wa fasihi. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, mwishoni mwa juma, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Jambo hilo dogo la mahali pa mazoezi lina maana kubwa. Wazee waliokuwa wakipita walisimama, wakasikia mhusika mzee akisema kama kijana, wakamsahihisha mwandishi papo hapo. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata walieleza namna kazi inavyokwenda na mshahara unavyokwisha. Vijana walisanifu jukwaa la wazi kwa kupanga vijiti vya kiberiti chini, wakatengeneza mfano mdogo, kisha wanakijiji wakajenga ukumbi wa kuketisha watu zaidi ya 2,000. Kufikia siku ya kwanza ya onyesho, mwezi Oktoba, watu wengi walikuwa wamekwisha kuliona igizo likizaliwa na walikuwa na haki ya kusema ni lao. Msomi aliongoza, lakini kila wiki alikuwa akihojiwa na waliomtazama.

Hapo ndipo tunapopaswa kuwatazama upya viongozi wa ngoma, ambao mara nyingi mradi huwaita watumbuize tu kabla ya igizo. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, baina ya Wagika na Wagalu, vikundi viwili hucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu huamua kwa miguu yao. Wanaohama upande mmoja kwenda mwingine ndio majaji. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anaona kwa macho yake umati ukipungua, naye lazima abadili wimbo, aongeze mchezo, amjibu mpinzani, tena sasa hivi, si mwakani. Hakuna mwongozaji wa mjini anayepata tathmini ya haraka na ya haki kiasi hicho. Hapa Ugogo, muheme ni ngoma ya wanawake. Wapigaji huibana ngoma yenye kiuno chembamba katikati ya mapaja, na kiongozi anaanzisha wimbo ambao hauwezi kusimama bila waitikiaji. Wakikataa kuitikia, hana wimbo. Mama anayeongoza muheme kwa miaka ishirini amejifunza kuusikia mwitikio ukilegea, kumpisha mwimbaji mwingine, kurefusha au kufupisha kufuatana na watu waliopo. Huo ni uongozaji kamili, ingawa hauandikwi popote. Kila mwaka tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino, katika kituo cha sanaa kilichoanzishwa na Dkt. Kedmon Mapana, huleta pamoja vikundi vya vijiji vingi, na kila kikundi kina mtu wa namna hiyo. Afisa anayelalamika kwamba wilaya yake haina waongozaji wa maigizo angewakuta pale, wamesimama mbele ya watu wao.

Mtu mmoja wa mbali alibadilika waziwazi, na mfano wake unasaidia kuonyesha kwamba mazoea ya kuwajibika yanaweza kubadilika. Augusto Boal wa Brazil alisomea uhandisi wa kemia kabla ya kuwa mwongozaji. Ameeleza mwenyewe jinsi kikundi chake kilivyoigiza mbele ya wakulima maskini kikiwahimiza wamwage damu kwa ajili ya ardhi yao, hadi mkulima mmoja, baada ya onyesho, alipowakaribisha wachukue bunduki zao waende pamoja kupigana. Wasanii walilazimika kukiri kwamba bunduki zile ni za kuigizia. Boal alielewa kwamba alikuwa akiwahimiza watu kufanya jambo ambalo yeye hatalibeba. Kutokana na hapo, na kutokana na kazi yake Peru mwaka 1973, akaunda igizo ambalo mtazamaji anaruhusiwa kulisimamisha, kupanda jukwaani na kuonyesha njia yake. Elimu yake haikubadilika. Alibadilisha mtu wa kumpa hesabu, na umbo lote la sanaa yake likabadilika pamoja naye.

Tuilete hoja hii nyumbani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na maisha ya watu wengi hapa yamelizunguka: uvuvi, bustani, mizabibu, mifugo inayokuja kunywa. Mto Kinyasungwe huleta maji, na pamoja na maji huleta udongo unaolijaza bwawa mwaka hadi mwaka. Tuseme halmashauri inataka igizo kuhusu kulitunza bwawa. Akiongoza mtu wa idara ya maji, igizo litamalizika kwa kuwataka wakulima waache kulima kandokando. Akiongoza afisa kilimo, huenda mfugaji ndiye atakayekuwa mkosaji. Akiongoza mwalimu wa kwaya, wote watapatana na kuimba. Kila mmoja wao ni mtu mwema, na kila mmoja ataleta mwisho uliotoka ofisini au kanisani kwake. Lakini mgogoro halisi ni mgumu kuliko hivyo. Anayelima ukingoni ana watoto wa kulisha mwaka ambao mvua haikunyesha, udongo mwingi unatoka juu kwa watu ambao hawaji hata kwenye mkutano wetu, na mfugaji hana pengine pa kunyweshea. Igizo linalostahili kuitwa la jamii ni lile linaloyaweka haya yote uwanjani bila kuyamaliza, kisha kuwaacha mama wa bustani, mvuvi na mfugaji waseme mbele ya wenzao na mbele ya mtendaji. Kuongoza onyesho la namna hiyo kunahitaji mtu ambaye hataaibika onyesho likimalizika kwa ubishi.

Najua mapingamizi yapo, na yanastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni la ufundi. Watasema kwamba tukiacha kudai mafunzo tutapata maigizo dhaifu, sauti zisizofika safu ya tatu, vichekesho vya kudhalilisha wanawake na walemavu, na watu wataondoka. Ni kweli. Sanaa mbovu haimfikii mtu hata ikiwa na nia njema, na kumpa mwananchi onyesho baya kwa kisingizio kwamba ni la jamii ni kumdharau. Kwa hiyo sitetei ukosefu wa mafunzo. Nasema mafunzo yafundishe pia jambo ambalo ratiba nyingi za semina huliruka, yaani kupokea kusahihishwa na watazamaji. Sauti, nafasi na matumizi ya uwanja vinafundishika kwa muda mfupi kwa mtu mwenye sikio. Mazoea ya miaka mingi ya kutazama juu hayang'oki kwa semina ya siku tatu. Ndiyo maana wakati wa kuchagua tuyatazame yale magumu kubadilika kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watasema mwenyeji anayewajibika kwa watu wake anawajibika pia kwa ukoo wake, kwa wazee, na kwa mila ambazo pengine ndizo zinazoumiza. Mkoa wa Dodoma kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha ukeketaji. Kiongozi wa ngoma aliyelelewa ndani ya mila anaweza kushindwa kuligusa jambo hilo, na binti mwenye kilio atahitaji mgeni asiyeogopa mtu. Nakubali, na nakubali zaidi kwamba watu si kitu kimoja: kijiji kina wenye nguvu na wanyonge, na kuwajibika kwa umati kunaweza kuwa kuwajibika kwa wenye sauti tu. Lakini tukumbuke gharama. Mgeni husema na kuondoka, na aliyesema pamoja naye hubaki. Jibu linalofaa ni kuongoza kwa wawili. Mmoja atoke nje akiwa na ufundi na uhuru wa kuuliza, mwingine atoke ndani akiwa na heshima ya kusikilizwa na ujuzi wa kupima lipi lisemwe leo na lipi lisubiri, na mmoja wao awe mwanamke. Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na baadaye kuenezwa katika nchi nyingine za Afrika, ulionyesha njia. Wasichana wa sekondari ndio waliotaja na kuigiza vikwazo vyao, na walimu walifunzwa kuwawezesha badala ya kuwasemea. Mwalimu yule yule niliyemtaja katika ngonjera alijifunza kuwajibika kwa binti, kwa kuwa utaratibu ulimtaka hivyo.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu wa afya: kuna ujumbe usio na mjadala. Kipindupindu hakisubiri wananchi wabishane. Hilo nalikubali bila shaka yoyote. Tarehe ya chanjo, dalili za ugonjwa na mahali pa kupata dawa vitangazwe kwa redio, kwa bango, kwa kipaza sauti cha mtendaji, na igizo fupi likisaidia, vizuri. Ila tusilibebeshe igizo kazi ya bango kisha tukashangaa limekuwa bango. Nguvu yake ya pekee iko pale ambapo watu wanajua kinachotakiwa na bado hawakifanyi, kwa sababu zao wenyewe ambazo hawajawahi kuulizwa. Hapo anayehitajika ni mwongozaji wa kusikiliza.

Pingamizi la nne ni la hofu. Watasema Kamiriithu ilionyesha mwisho wa njia hii, na ni kweli kwamba serikali ya Kenya ilizuia igizo lile mwezi Novemba 1977, ikamweka Ngũgĩ kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Mtumishi wa halmashauri anaposikia haya ana haki ya kujiuliza. Namjibu kwa sheria yake mwenyewe. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, nafasi ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na mitaa ya miji kama Dodoma ina mikutano yake. Mwongozaji anayewapa wananchi nafasi ya kujibu kwenye igizo anafanya uwanjani kile ambacho sheria inataka kifanyike mkutanini. Mtendaji aliyesikia ubishi wa bwawa kwenye igizo ataingia katika mkutano wa robo mwaka akijua kinachomsubiri, na hilo ni faida kwake kuliko makofi yasiyo na maana.

Basi wale mtakaokuwa maafisa maendeleo ya jamii, watendaji wa kata na waratibu wa miradi, siku mtakapotakiwa kumtafuta mtu wa kuongoza igizo, msianze na cheti wala msianze na kabila. Ulizeni mambo matatu. Watu aliowahi kuongoza, iwe kwaya, ngoma, darasa au timu, walikuwa na njia gani ya kumwambia kwamba amekosea, na aliposikia alifanya nini? Mazoezi yake yatafanyika wapi, ndani ya ofisi iliyofungwa au chini ya mti ambapo yeyote anaweza kusimama na kusahihisha? Na igizo lake litamalizika kwa neno la nani? Kisha andikeni majibu hayo katika mkataba: mazoezi ya wazi, waongozaji wawili, mjadala baada ya onyesho, na fedha za safari ya pili ya kurudi kuona yaliyokubaliwa yamefikia wapi. Safari hiyo ya pili ndiyo huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Ilindeni kuliko fulana na mabango, kwa sababu mwongozaji anayejua kwamba atarudi kukutana na watu wale wale, wakiwa na majibu mkononi, ataongoza tofauti tangu siku ya kwanza ya mazoezi, awe mhadhiri, mwalimu wa kwaya au mama wa muheme.

 Sasa ni zamu yenu kunisahihisha.